Daftari Lililofuliwa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Pasi alimsaidia mama yake kukunja mashuka ya hospitali. Mama alishika ncha mbili, Pasi akashika ncha mbili, wakavutana kama watu wanaogombea kitu, kisha wakakutana katikati ya chumba pua kwa pua. Shuka likionekana na doa, hata dogo kama kichwa cha kiberiti, lilirudi kwenye beseni.

"Mgonjwa akiona doa, anadhani kuna mtu amefia hapo," mama alizoea kusema. "Rudisha, mwanangu."

Mama alikuwa dobi. Jina la Pasi lilitoka kwa wanafunzi wenzake, kwa sababu sketi yake ya shule ilinyooshwa hata marinda yakasimama kama visu. "Pasi, pita mbali, utatukata!" walimtania. Yeye alinuna kwa nje, lakini kwa ndani alifurahi. Hakupenda uchafu, hakupenda makosa, na katika hesabu hakuna aliyemfikia shule nzima.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na shule ya msingi ilikuwa imebaki mwaka huo tu. Mama alikwisha kumwambia wazi, bila kuzunguka. "Mpaka hapa nimekufikisha. Sekondari mikono yangu haifiki." Alimwonyesha mikono hiyo, ilivyochubuka kwa sabuni. Pasi aliitazama, akaapa moyoni kwamba ataupata Ufadhili wa Mwalimu Mdogo, liwe jua iwe mvua.

Mwalimu Mdogo alikuwa msichana wa shule hiyohiyo, mtoto wa pekee wa fundi cherehani aliyekuwa na duka karibu na lango la shule. Alizaliwa na ugonjwa wa moyo. Wenzake walipokimbia uwanjani, yeye alikaa kwenye ngazi za darasa na wale walioshindwa masomo, akawaelekeza mpaka wakaelewa. Ndipo wakampa jina hilo. Alifariki akiwa na miaka kumi na minne, wiki chache kabla ya kuanza sekondari. Mama yake, yule fundi, na wale waliowahi kuelekezwa pale kwenye ngazi, ambao sasa ni watu wazima wenye kazi zao, wakaanzisha ufadhili wa kumkumbuka.

Ufadhili huo haukutolewa kwa mtihani wa kawaida. Mwalimu mkuu aliueleza asubuhi moja wanafunzi wakiwa mstarini.

"Mwombaji hataulizwa swali hata moja," alisema. "Atachagua mtoto wa darasa la chini anayeshindwa hesabu, amfundishe kwa wiki sita. Mwisho wake mtoto huyo atakuja na daftari lake la mazoezi mbele ya mama wa marehemu na mimi. Daftari lina alama hamsini, maelezo ya mtoto yana hamsini. Anayefikisha sitini, amepata. Asiyefikisha, harudi nyumbani na lawama, ila ufadhili hapati. Mwaka juzi hakupata mtu."

Mstarini watu walinong'ona. "Yaani nifanyiwe mtihani na mtu mwingine?" kijana mmoja alilalamika. "Si bora nifanye mwenyewe nife mwenyewe!"

Pasi hakulalamika. Saa ya mapumziko alikwenda darasa la tano kumtafuta Kifaranga.

Kifaranga alikuwa mjukuu wa mlinzi wa shule. Alikuwa mdogo wa umbo na sauti yake ilisikika kwa kumwinamia. Katika hesabu alikuwa wa mwisho, tena bila mpinzani. Pasi alimchagua kwa sababu hiyo. Alipiga hesabu yake kwamba aliye chini kabisa akipanda kidogo, kila mtu ataona.

Walikutana kila siku baada ya masomo, katika chumba cha mlinzi, juu ya meza yenye mguu mmoja mfupi. Siku ya tatu Pasi alimpa swali: debe lina lita ishirini za maji, kila chupa inachukua lita mbili na nusu, je, zitajaa chupa ngapi? Kifaranga aliuma kalamu, akaandika, akafunika kwa mkono.

"Toa mkono nione. Hamsini?" Pasi alishika kiuno. "Debe moja limejaza chupa hamsini? Debe hilo linauzwa wapi, tukanunue?"

Kifaranga alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha wakachora debe, wakachora chupa moja, wakaitoa, wakachora nyingine, mpaka maji yakaisha. Chupa nane. Kifaranga aliitazama ile hamsini yake, akaizungushia duara.

"Niliongeza maji," alisema polepole. "Nilizidisha, na maji yalikuwa yanagawanywa."

Tangu siku hiyo, kila alipokutana na swali la namna hiyo, alifungua kwanza ukurasa wa hamsini, akaitazama, akatabasamu, ndipo akaanza kazi. Alikosea mengine mengi. Alikata, akaandika juu yake, akakata tena, kalamu ikavujia kurasa mbili. Lakini alikuwa anakwenda mbele. Babu yake mlinzi aliwapitia siku moja akasema, "Mjukuu wangu siku hizi ananipigia hesabu ya matofali ya ukuta. Mwalimu, umemlisha nini?" Pasi alisikia fahari kuitwa mwalimu.

Zilipobaki siku mbili, Pasi alilichukua daftari la Kifaranga nyumbani alikague. Alilifungua mezani. Kurasa zilikuwa na mikato, madoa ya wino na maduara, na ile hamsini kubwa imekaa katikati ya ukurasa kama jipu. Hili ndilo lenye alama hamsini? Akilini alimwona mwalimu mkuu akikunja uso. Alijiona yeye mwenyewe akirudi kwenye beseni, mwaka huo na miaka yote.

Mama alikuwa amekwenda hospitali kupeleka mashuka. Juu ya rafu ilikuwepo chupa ya dawa ya madoa.

Mtoto wa dobi anajua mambo ambayo wengine hawayajui. Pasi alimimina tone moja kwenye kifuniko, akaongeza maji, akasokota pamba kwenye njiti ya kiberiti. Aligusa ile hamsini. Wino ukageuka zambarau, ukafifia, ukatoweka. Akaianika karatasi juani dirishani. Ilipokauka, aliandika nane kwa kuiga mwandiko wa Kifaranga, ule wa herufi zinazolala. Kazi ilimchukua alasiri yote ya siku hiyo na ya siku iliyofuata. Alifuta makosa yote, akajaza majibu sahihi, na kurasa zilizotoboka akazichomoa. Mwishowe daftari lilikuwa safi kama shuka la chumba cha upasuaji. Alilinusa, akalipepea ili harufu itoke.

"Si uongo," alijiambia. "Majibu yote anayajua. Nimesafisha tu."

Jumamosi mchana walifika kwenye duka la fundi cherehani. Lilikuwa duka dogo: cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, vipande vya vitambaa chini, na ukutani picha moja ya msichana mwembamba mwenye sare. Fundi alikuwa mama wa makamo aliyeongea huku akishika pini kwa midomo. Alizitoa pini zake, akamkalisha Kifaranga mezani. Pasi aliketi kwenye benchi karibu na mlango. Hakuruhusiwa kusema neno.

Mwalimu mkuu ndiye aliyelifungua daftari kwanza. Nyusi zake zilipanda.

"Ajabu! Miaka yote hii sijaona daftari kama hili. Wiki sita, hakuna hata kosa moja!"

Fundi alilipokea. Aligeuza kurasa taratibu, kisha akaweka kidole mahali. "Hapa, mwanangu. Swali la debe na chupa. Umepata nane. Hebu nieleze ulifikaje."

Kifaranga aliinama kutazama. "Mimi hapa niliandika hamsini," alisema.

"Mbona hamna hamsini?"

"Ilikuwepo. Ina duara." Kifaranga aligeuza ukurasa, akageuza mwingine, akarudi. Kidole chake kilitembea juu ya karatasi kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba yake akaukuta ni ukuta. "Na hapa nilikosea. Na hapa. Labda... labda nimesahau. Labda sikufanya."

Fundi alimpa swali jipya, jepesi kuliko yale aliyokwisha kuyaweza. Kifaranga alishika kalamu. Alifungua tena ule ukurasa, akaufunga.

"Sijui," alinong'ona. "Mimi sijui kitu."

Mwalimu mkuu alikohoa kwa huruma. "Mtoto ana woga, tusimtese. Daftari lenyewe ni alama hamsini kamili. Tukimpa kumi za kujaribu, sitini hizo. Mwenzangu, unaonaje? Binti huyu anastahili."

Sitini! Pasi aliisikia ikipita masikioni kama upepo. Hakutakiwa kufanya chochote. Alitakiwa kukaa tu, kufunga mdomo, kama alivyoagizwa. Sekondari ilikuwa hapo, upande wa pili wa ile meza.

Lakini Kifaranga alikuwa amelaza kichwa juu ya daftari, mabega yake yakipanda na kushuka. Wiki sita alizozifanyia kazi zilikuwa zimefutika, na yeye aliamini zimefutika kichwani mwake mwenyewe. Angetoka hapo akijua kwamba yeye ni mjinga kweli, kama walivyomwambia siku zote.

Pasi alisimama.

"Hajasahau," alisema. "Alikosea, na hamsini ilikuwepo. Mimi ndiye niliyefuta. Nilifuta kwa dawa ya madoa ya mama, nikaandika mimi."

Mwalimu mkuu alilisogeza daftari puani, akalinusa, uso ukamwiva. "Binti wee! Wewe niliyekusifu hapa sasa hivi? Hii ni hila. Toka nje. Jina lako nalikata."

"Ngoja kidogo, mwalimu," fundi alisema. Hakuonekana mwenye hasira, na hilo lilimtisha Pasi zaidi. "Kwa nini ulifuta?"

"Lilikuwa chafu, mama. Niliona aibu."

"Aibu ya nani? Yako au yake?"

Fundi alimwinua Kifaranga kichwa, akamfuta machozi kwa kipande cha kitambaa. "Umesikia, mwanangu? Kichwa chako kizima. Ulikumbuka vizuri kuliko karatasi." Kisha akamgeukia Pasi. "Daftari hili ni sifuri. Leo hukupata kitu. Ila kanuni ya ufadhili inasema anayeshindwa anaweza kurudi mara moja tu, baada ya wiki sita nyingine, na mwanafunzi yuleyule. Hiyo kanuni hatukukuwekea wewe. Ukiweza, rudi."

"Akikubali huyo mwanafunzi," mwalimu mkuu aliongeza kwa ukali.

Nyumbani Pasi alisema yote. Mama aliacha shuka likaanguka sakafuni, jambo ambalo halijawahi kutokea. "Dawa yangu? Ninayotolea damu za wagonjwa, wewe umekwenda kufulia daftari la mtoto wa watu?" Alitaka kuendelea kugomba, lakini alikaa juu ya kibao chake akashusha pumzi. "Shuka ni la wote, leo analalia huyu, kesho yule, ndiyo maana nafuta. Daftari lina mwenyewe. Jikaze kisabuni. Kesho unakwenda kwa mlinzi, unaomba radhi, na mimi nakuja nyuma yako."

Mlinzi alipokea radhi kwa kutikisa kichwa tu. Kifaranga hakupokea.

"Sitaki," alisema, amejificha nyuma ya koti la babu yake. "Utanifuta tena."

Siku ya kwanza Pasi alikaa peke yake kwenye meza ya mguu mfupi mpaka jioni. Siku ya pili vivyo hivyo. Wenzake walizipata habari. "Pasi imepoa!" walimcheka alipopita. Sketi yake siku hizo ilikuwa na mikunjo, hakuwa na muda nayo. Aliuma meno akapita.

Siku ya nne alikuja na kitabu cha hesabu cha kidato cha kwanza alichoazima. Alichagua swali gumu, akaanza kulifanya kwa wino katika daftari lake mwenyewe, kwa sauti. Alikosea. Zamani angechana karatasi. Safari hii alilikata kosa kwa mstari mmoja, akaanza upya chini yake. Akakosea tena.

"Kah! Hata hili?" alijisemea. "Kichwa hiki kina nini leo, kimejaa povu?"

Mlangoni palisikika kicheko kidogo. Kifaranga alikuwa amesimama pale, sijui tangu saa ngapi.

"Wewe pia unakosea?"

"Si unaona? Mara mbili. Njoo uzungushie duara, mimi mkono umechoka."

Kifaranga aliingia, akachukua kalamu, akazungushia makosa ya mwalimu wake maduara mawili makubwa kupita kiasi. Kisha akauliza, bila kumtazama, "Daftari langu jipya litakaa wapi?"

"Kwako. Mimi sitalishika. Nikitaka kuliona nitakuomba."

Wakaanza tena. Haikuwa rahisi. Kifaranga alikuwa amepoteza imani, na mambo mengi waliyarudia toka mwanzo. Walikata vijiti, walipima chumba cha mlinzi kwa hatua, waligawanya mashuka ya mama katika mafungu ya wodi. Mvua ilipovuja kwenye chumba cha mlinzi walihamia nyumbani kwa Pasi, wakafanya hesabu kati ya kamba za nguo. Siku ambazo Kifaranga alikwama, Pasi alitamani kumnyang'anya kalamu aandike mwenyewe. Alikalia mikono yake. Kweli kabisa, aliikalia, mpaka ikafa ganzi.

Wiki ya sita ilipokwisha, walirudi dukani. Daftari la Kifaranga lilikuwa limevimba kwa matumizi, lina duara karibu kila ukurasa, na chini ya kila duara maneno machache ya herufi zinazolala: "Hapa niliharakisha." "Hapa nilisahau nusu." "Hapa sijui kwa nini, kesho nitaangalia." Kesho yake alikuwa ameangalia.

Fundi alilisoma lote, neno kwa neno. Mwalimu mkuu alisoma kando yake na safari hii hakusifu chochote. Kisha fundi alitandaza kitambaa mezani.

"Hiki kina mita kumi na mbili. Shati moja linakula mita moja na nusu. Nitatoa mashati mangapi?"

Kifaranga aliandika upesi, akaweka kalamu chini. Pasi, kutoka kwenye benchi, aliona namba kwa mbali. Kumi na nane.

Kifaranga alitazama kitambaa, akatazama karatasi. Kisha akaichukua kalamu, akazungusha duara.

"Hapana. Mashati kumi na nane hayatoki hapa, labda ya wanasesere," alisema kwa ile sauti yake ndogo, lakini kila mtu aliisikia. "Nimezidisha. Kitambaa kinagawanywa. Mita tatu ni mashati mawili. Tatu nyingine, manne. Tatu, sita. Tatu, manane." Alisogeza kiganja chake juu ya kitambaa mara nne, mpaka kikafika mwisho. "Mashati manane, mama. Hakibaki hata cha mfuko."

Mwalimu mkuu alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Waliandika alama zao kila mtu pembeni, wakalinganisha karatasi. Sabini na nane.

"Simama, binti," mwalimu mkuu alimwambia Pasi. "Safari ile nilikata jina lako. Leo naliandika tena, juu ya ule mstari niliokatia, ili uone ulikotoka."

Kifaranga alimkimbilia akamkumbatia kiunoni, na wote wawili wakalia na kucheka kwa pamoja, bila mpangilio.

Fundi aliwaacha watulie. Kisha akamwita Pasi karibu na ile meza.

"Nikueleze kwa nini tunataka daftari," alisema. "Mtu anayeelekezwa anakosea, hiyo ndiyo kazi yenyewe inavyokwenda. Ukimfutia makosa yake, umemnyang'anya njia aliyopita, na siku akipotea hana pa kurudia. Na wewe ukificha kosa lako unabaki nalo peke yako, linakula roho yako. Ukilisema, wengine wanakusaidia kulirekebisha. Wewe ulisimama ukasema, wakati kukaa kimya kulikuwa na faida. Kisha ukarudi ukafanya kazi wiki sita nyingine. Binti yangu angekupenda kwa hayo mawili."

"Ndiyo, mama," Pasi alijibu. "Asante, mama."

Fundi alichukua futi yake ya kupimia kutoka shingoni. "Haya, nyoosha mgongo. Sare ya sekondari nashona mwenyewe." Alimpima mabega, kifua, kiuno, akamwandikisha Kifaranga namba. Alipofika kwenye urefu wa sketi, alisita kidogo, futi mkononi.

"Upindo nakuachia inchi nne. Ni mwingi, lakini utarefuka," alisema. "Ya binti yangu pia niliiacha hivyo. Sikupata nafasi ya kuufumua." Alivuta pumzi, akazifunga pini kati ya midomo yake, akasema kupitia pini hizo, "Usinifanyie uvivu. Kila mwaka uje hapa niufumue inchi moja. Haya, geuka."

Pasi akageuka.